Mchanga Uliouomba

Machochwe,
Jumapili.

Robi mwanangu,

Mambo ya kuvaa na kula sitayagusa. Shangazi yako Bhoke ameyamaliza, na akiongeza neno moja tu lori la pamba litakuacha. Kuhusu baridi ya Yugoslavia sina la kukuambia. Baridi kubwa ninayoijua mimi ni ya kuamka kukamua mwezi wa saba, umande ukiwa magotini.

Nakuandikia kwa sababu nilichokutendea Alhamisi pale uani siwezi kukisema huku nakutazama. Nimejaribu. Leo jioni ulipokuwa unaosha miguu nilikuja nikasimama karibu yako. Ukaniuliza, "Tata, unataka maji?" Nikasema ndiyo. Nikanywa maji nisiyokuwa na kiu nayo, nikakurudishia kikombe, nikaingia ndani. Ndipo nikamwambia Bhoke anitafutie karatasi.

Unajua sikusoma sana. Darasa la nne la misheni, na hata hilo nililimaliza kwa kuvutwa na mwalimu sikio. Kwa hiyo ukiona nimeruka hapa na pale, nivumilie. Nitaandika kama ninavyokumbuka.

Alhamisi watu walikuja kukuaga. Nilifurahi kuliko ulivyoniona nikifurahi. Mzee Marwa, jirani yetu, alikalia kile kigoda changu bila kuombwa kama kawaida yake, akaanza kukutania.

"Robi, hebu tuambie. Huko Ulaya unaenda kusomea nini hasa? Maana baba yako kila nikimuuliza anasema 'mambo ya nguzo'. Nguzo hata mimi nachimbia."

Ukacheka. "Mzee, naenda kwenye maabara ya matetemeko. Kuna meza kubwa ya chuma inayotikiswa na mashine. Juu yake tunaweka sanduku la mchanga wenye maji. Ndani ya mchanga tunasimamisha nguzo ndogo za bomba, na juu ya nguzo tunaweka uzito kama nyumba. Halafu tunatikisa."

"Halafu?"

"Halafu tunaangalia nguzo zinafanya nini. Kila nguzo imebandikwa vipande vidogo vyenye nyaya. Ikipinda chini ya mchanga, mahali jicho halifiki, nyaya zinatuambia imepinda wapi na kwa kiasi gani."

Mzee Marwa akawageukia wenzake. "Mnasikia? Wanangu walicheza mchanga nikawachapa. Huyu anapandishwa ndege akacheze!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa najivuna, Robi, sitaficha. Nilikuwa nimenyoosha shingo kama jogoo. Ndipo ukasema, "Ngojeni niwaonyeshe," ukaenda kuchukua karai.

Nilikutazama ukifanya kazi, na mikono yako ni ya mama yako kabisa. Ulishindilia mfinyanzi chini ya karai kwa ngumi, ukamwaga mchanga wa mtoni juu yake, ukaumiminia maji polepole. Ukakata vijiti. Vingine ulivipigilia mpaka vikaingia kwenye mfinyanzi. Vingine uliviacha vinaning'inia katikati ya mchanga. Juu ya kila kundi ukaweka jiwe bapa. Ukamwambia Mzee Marwa, "Hizi ni nyumba mbili. Utaishi ipi?" Akasema zote ni sawa. Na kweli kwa macho zilikuwa sawa.

Ukachukua mchi ukaanza kugonga ubavu wa karai, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Maji yakapanda juu ya mchanga yenyewe, bila mtu kuyamwaga. Mchanga ukawa uji. Lile jiwe la vijiti vifupi likainama, likazama upande mmoja, kama mzee anayekaa chini huku amechoka. Lile jingine likabaki pale pale.

"Lo!" Mzee Marwa akapiga kofi. "Nyumba imekaa kitako!"

Wengine wakapiga kelele za furaha. Ila niliona wale wakubwa wamegeukia upande wa mahame yetu. Walikuwa wamemkumbuka Gati, mama yako. Mimi nami.

Hukuwa na nia mbaya. Nilijua hivyo hata wakati ule. Ulinisogelea, ukapiga magoti, ukasema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie: "Tata, nina ombi. Naomba mchanga kidogo wa pale chini kwenye mahame yetu. Mfuko mdogo tu. Nitaupitisha kwenye machekecheo ya maabara nijue ukubwa wa punje zake, halafu nitatafuta wa kufanana nao huko, tuujaze sandukuni. Na naomba kujua ardhi ngumu inaanzia kina gani pale."

Ulizungumza kwa sauti ndogo. Mimi ndiye niliyepaza. "Nimekusomesha kwa ng'ombe wangu ili uje unionyeshe mbele za watu nilivyomuua mama yako?"

Halafu nikalipindua karai kwa mguu.

Tope liliruka mpaka kwenye gauni ulilolishonea safari. Hukulipangusa. Uliokota vijiti kimoja kimoja, ukaosha karai, ukalirudisha jikoni. Mzee Marwa aliinuka kwenye kigoda akasema, "Haya, ng'ombe wangu wanangoja," na sote tunajua ng'ombe wake walikuwa na mtoto wake mtoni. Uwanja ukabaki mtupu saa ambayo watu walipaswa kukuimbia.

Sasa nikueleze kwa nini, si kwa kujitetea. Mama yako alipokufa ulikuwa bweni Musoma, na uliporudi sikukueleza chochote.

Ile nyumba ya chini niliijenga mwaka tulioambiwa tuhamie vijijini. Tulikuwa tunakaa mlimani, kwenye boma la babu yako, ambako ulizaliwa. Uliwahi kuniuliza kama ninakumbuka sauti ya mvua pale. Nakumbuka. Mvua ilikuwa inakimbia, haikai. Ikinyesha jioni, asubuhi unakanyaga pakavu.

Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Ilibidi nyumba zetu kumi zihame, na nilitaka tuhame vizuri, bila kusukumwa. Maofisa walipima viwanja kwa kamba kando ya barabara, mstari mmoja. Mstari ulianzia juu kwenye mawe ukaishia chini karibu na mto. Kile kiwanja cha mwisho hakuna aliyekitaka. Watu walikuwa wananitazama mimi. Nikasema, "Hicho ni changu." Siku ile walinipigia makofi, na nilirudi nyumbani nimejaa yale makofi.

Kwetu mtu haachi boma la baba yake nguzo zikiwa zimesimama ili wapitaji wazichome kuni. Nilizing'oa nguzo za babu yako, zile za mzeituni wa porini, na tukazibeba mpaka chini. Nilisema nyumba mpya itakuwa bado nyumba ya baba. Lakini sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa imeoza. Nikazikata mpaka nikapata mti mzima. Zikawa fupi.

Babu yako alinifundisha kuchimba mashimo kwa mkono wake. Ukishachimba kwa mtaimbo unalala kifudifudi, unaingiza mkono. Nguzo ya zizi, alisema, ni kiwiko. Nguzo ya nyumba ni kwapa. Alikuwa anakuja nyuma yangu, mzee mzima, analala chini anapima kila shimo, na kama bega lake halijagusa ardhi anasimama anakwenda zake bila neno. Mimi najua maana yake, naendelea kuchimba.

Sasa nguzo zilikuwa fupi, na ofisa alitaka nyumba bora, ndefu, yenye madirisha, maana wageni wa wilaya wangepita kukagua. Nikizichimbia kwa kwapa, nyumba ingekuwa fupi kama banda. Nikachagua. Nilizichimbia kwa kiwiko, nikapata urefu wa juu. Nyumba ya mama yako niliipa kina cha zizi la ng'ombe.

Ilipendeza. Wageni walipita, mmoja akasimama mlangoni akasema, "Ndugu Mwita, hii ndiyo tunayoitaka." Mama yako alikuwa nyuma yake ameshika chai. Alinitazama tu.

Siku ya tetemeko nilikuwa zizini. Lilikuja kama kundi kubwa la nyumbu linapita chini ya miguu, likaisha. Halikuwa kubwa. Redio haikulitaja hata mara moja. Nyumba za juu ziliachia udongo kidogo kwenye kuta. Za katikati ziliinama. Yetu iliketi upande wa mtoni, na ule ukuta wa udongo ukafuata, na mtambaapanya unaobeba paa juu yake. Mama yako alikuwa ndani anafagia. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu ufagio ulikuwa bado mkononi mwake.

Ulipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Ulikuwa na sare ya shule na kiatu kimoja kimekatika kamba. Nilijiandaa kwa kilio chako. Wewe ulikwenda ukasimama pale penye kifusi, muda mrefu, halafu ukaja ukaniuliza, "Tata, nguzo zilifika wapi?"

Nikakuambia mtoto haulizi maneno kama hayo kwenye msiba.

Hukuniuliza mimi tena. Lakini hukuacha kuuliza. Ulikwenda kuuliza hesabu, ukauliza fizikia, ukauliza chuo cha Dar es Salaam, na sasa unakwenda kuuliza kwa watu ambao mji wao mzima uliwahi kubomoka. Na kila ulipopanda darasa mimi nilifurahi kwa mdomo, na moyoni nilikuwa naona siku ya jibu inakaribia. Alhamisi niliiona imefika, iko ndani ya karai, na Mzee Marwa anaipigia kofi.

Ndiyo maana nilipiga teke.

Ijumaa ulipokwenda na Bhoke kuaga kanisani, nilichukua mtaimbo nikateremka kwenye mahame. Unajua nilipazungushia miiba na nikakataza watu, hata mbuzi. Wengi hufikiri ni kwa heshima ya marehemu. Na iwe hivyo kwao. Wewe nakuambia kuwa sikutaka mtu aone mashimo yalivyokuwa mafupi.

Nilifungua miiba nikaingia. Majani yameota mpaka kiunoni. Nilitafuta zile nguzo. Sehemu za juu zimekwisha, ila za chini bado zimo, ule mti haufi haraka. Nilifukua ya kwanza. Nilitegemea kuikuta imeng'oka, imelala ovyo. Haikuwa hivyo. Ilikuwa nzima, haikuvunjika, ila imeinama kuelekea mtoni. Nikafukua ya pili. Nayo kuelekea mtoni. Zote, Robi. Zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mafuriko. Wewe utajua maana yake. Mimi nilivyoona ni kama ardhi yenyewe ndiyo iliyotembea, na nguzo zikaenda nayo.

Halafu nikachimba shimo jipya katikati, pale palipokuwa na kitanda chetu. Nilipofika kiwiko ulikuwa mchanga. Nilichimba mpaka kwapa, nikalala kifudifudi kama alivyokuwa akifanya babu yako, nikaingiza mkono mpaka bega likagusa. Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye mchanga, mchanga mbichi, na maji yalikuwa yanajikusanya taratibu kwenye kiganja.

Nikachukua mtaimbo nikausukuma ndani ya shimo. Ulishuka kwa uzito wake wenyewe. Uligota mbali sana chini ya kwapa, kwenye kitu kigumu, changarawe nadhani.

Unaelewa nilichokipata? Miaka yote hii nimeona haya kwa sababu ya nguzo nilizozikata. Nimelala nazo, nimeamka nazo. Na kumbe hata nisingezikata, hata ningezifuata kanuni za babu yako mpaka bega, zisingefika penye ugumu. Kipimo cha babu yako kilikuwa cha mlimani, ambako ardhi ngumu iko karibu. Hakuwahi kujenga chini.

Labda utasema nilipaswa kufurahi. Kwa dakika chache nilifurahi kweli, na hiyo ni aibu nyingine naiandika hapa. Nilijiambia, basi si mimi. Halafu nikatazama lile shimo linavyojaa maji, nikamkumbuka mama yako na mtungi.

Hili sijawahi kukuambia, na si kwa sababu nilikuwa nalificha. Nilikuwa nimelisahau, na kusahau huko ndiko kunakoniumiza.

Kila asubuhi alikuwa anatoa ngozi za kulalia kuzianika. Mlimani hakuwa akianika. Halafu alikuwa anauinua mtungi wa maji ananionyesha sakafu chini yake. Duara la unyevu.

"Baba Robi, hebu ona."

"Mtungi unavuja."

"Mtungi hauvuji. Nimeuweka nje usiku kucha, pakavu. Ni ardhi. Hapa panatoa jasho."

"Mitungi yote huvuja, Mama Robi."

Alihamisha mtungi pembe nyingine, duara likatokea. Akahamisha tena. Alikuwa akifanya hivyo wakati wageni hawapo, kwa adabu yake. Jioni moja aliniomba waziwazi. "Tuombe pale juu kwenye mawe. Kile kiwanja bado hakina mtu. Nitabeba udongo wa kukandika mwenyewe, wewe toa nguzo tu."

Nikamwambia, "Balozi akimbie kiwanja alichokipokea mbele ya watu? Kwa sababu ya mtungi?"

Akasema, "Waambie ni mimi niliyekataa. Watanicheka mimi."

Unamsikia? Alijitolea kuchekwa badala yangu. Na mimi sikutaka hata hivyo, maana wangesema Mwita anaongozwa na mke. Niliona haya kwa kitu kidogo kama hicho, Robi. Nilikuwa na kiwanja kikavu cha kuhamia, mke anayejua sakafu yake, na nguvu za kuchimba, na nikakaa pale kwa kuogopa mzaha wa barazani.

Kwa hiyo haikuwa nguzo. Au haikuwa nguzo peke yake. Hiyo utaniambia wewe. Lakini nguzo ni kosa ambalo mtu anaweza kulibeba kwa heshima. Mwanamume alikosea kipimo, basi. Watu humhurumia. Kosa la kumsikia mkeo na kujifanya hujasikia, hilo halina heshima yoyote, na nadhani ndiyo sababu nililiacha likaangukia nyuma ya lile jingine.

Ijumaa ile ile, mliporudi, nilimwita Bhoke nyuma ya ghala.

"Dada, Gati aliwahi kukuambia habari ya sakafu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Sakafu ipi? Ya jasho?"

"Kumbe alikuambia."

"Alimwambia kila mtu, Mwita. Wanawake wote wa mstari ule walijua. Mke wa Marwa alimpa majivu ya kunyunyiza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe?" Akacheka kile kicheko chake kisicho na raha. "Wewe ulikuwa balozi. Nani alikuwa na la kukuambia?"

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Mtoto anajua. Alimwona mama yake akihamisha mtungi likizo ile ya mwisho. Unadhani karai la Alhamisi alilitoa wapi? Alitaka uone maji yanavyopanda, si vijiti. Wewe ukatazama vijiti."

Ni kweli, mwanangu? Sikuuliza uso kwa uso kwa sababu nadhani ni kweli. Ulimimina yale maji polepole sana, na ulinitazama mimi, wala hukumtazama Mzee Marwa. Ulikuwa unaninyanyulia mtungi, kama yeye. Na mimi nilifanya vibaya zaidi ya nilivyomfanyia yeye. Yeye nilimpuuza. Wewe nilikupiga teke.

Siku moja utakuwa mkubwa wa kazi. Watakupa ofisi na watu wa kuwaagiza. Na mtu mmoja wa chini, mfagiaji au mpishi, atakuja kukuonyesha kitu kidogo wakati una wageni, na kitakuwa kinakuharibia mpango uliokwisha kupigiwa makofi. Sikuambii umtii. Inama tu utazame. Mimi sikuinama hata mara moja. Kuinama kwenyewe kungenichukua muda mfupi kuliko huu ninaotumia kuandika sentensi hii.

Sasa habari ya ombi lako.

Jana nimechota mchanga. Upo kwenye mfuko wa unga, nimeuandika kwa mkaa CHINI. Nimeuchota katika shimo lile la katikati, si wa juu wenye mizizi, bali ule ambao vidole vyangu viliugusa nilipokuwa nimelala. Umeshakauka kidogo lakini nimeufunga kabla haujakauka wote, sijui kama hiyo inasaidia au inaharibu. Pamoja nao kuna ufito wenye alama za kisu. Alama ya kwanza ni pale nguzo zilipoishia. Ya pili ni kwapa. Ya tatu ni pale mtaimbo ulipogota. Katikati ya alama ya kwanza na ya tatu kuna umbali mrefu, utauona mwenyewe, sitaki kuuandika.

Na kuna mfuko wa pili ambao hukuuomba. Huo nimeuandika JUU. Nilipanda leo asubuhi baada ya ibada mpaka kile kiwanja cha kwenye mawe alichokitaka mama yako. Bado hakina mtu. Nilichimba. Mtaimbo uligota kabla ya kiwiko, mpaka mikono ikafa ganzi. Udongo wake ni mwekundu na mkavu. Nakuomba, kama mashine yao ina nafasi, itikise mifuko yote miwili. Usitikise kosa langu peke yake. Jaribu na lile alilolisema yeye.

Ukipata jibu, niandikie mimi. Usimwandikie Bhoke ili aje anisomee akirukaruka mistari. Usinilainishie. Kama nyaya zitasema nguzo za kwapa zingesimama hata kwenye mchanga ule, sema hivyo, nijue kuwa nilikosea mara mbili. Kama zitasema hakuna nguzo ya mtu kama mimi ambayo ingesimama pale, sema hivyo pia, na usiongeze kwamba basi si kosa langu, maana pale hapakuwa mahali pa kujenga na niliambiwa. Na kama nyaya hazitajua, sema hazijui. Nimechoka kujijibu mwenyewe.

Ile miiba nimeiondoa. Mbuzi wa Marwa wameshaingia leo mchana, sikuwafukuza. Mtu akitaka kuona mashimo, yako wazi. Nimemwambia mwenyekiti wa kijiji vilevile kwamba wale wawili waliobaki kwenye viwanja vya chini wapewe nafasi juu kabla ya masika, na nimemwambia ni kwa nini. Aliniuliza kama niko tayari kulisema mkutanoni. Nimesema ndiyo.

Gauni lako Bhoke amelifua kwa majivu, sabuni hakuna dukani. Doa limebaki kidogo kwenye pindo. Samahani kwa doa hilo. Samahani kwa Alhamisi. Samahani kwa siku ile ya sare ya shule, uliponiuliza nguzo zilifika wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na ulikuwa na haki ya kujibiwa siku ile ile, na mzazi wako, mahali pale pale.

Sikuombi uniambie kesho kuwa umesamehe. Watu watakuwa wengi na wewe una moyo mwepesi, ungesema tu ili nisione haya. Acha nione. Nilianza kuiogopa aibu mapema mno, na tazama ilinifikisha wapi.

Jambo moja la kesho. Kutoka hapa mpaka lori linaposimama tutapita mstari mzima, nyumba kwa nyumba, na watu watakuwa nje kukuona. Sanduku lako atalibeba mtoto wa Marwa. Ile mifuko miwili usiiguse. Nitaibeba mimi, kichwani, kama mama yako alivyokuwa anabeba udongo wa kukandika, maana begani haitatulia. Najua mwanamume wa kwetu habebi mzigo kichwani, na najua Mzee Marwa atakuwa wa kwanza kupiga ukelele. Atauliza, "Mwita, umebeba nini leo?"

Usimjibu wewe. Tembea mbele, nitamjibu mimi.

Baba yako,
Mwita